Mkia ni Mkia Tu

Mke wa Mkia alikuwa msusi, na kiti cha msusi hakina siri. Mteja akishakaa na kichwa kikishashikwa, ataambiwa yote, na jambo la kwanza kuambiwa lilikuwa ugonjwa wa mumewe. "Sukari hana, presha hana," mama huyo alisema, vidole vikiendelea na kazi. "Ana ugonjwa wa kuwamalizia watu sentensi." Hakuwa akitia chumvi. Ukimwambia Mkia, "Jana nilikwenda sokoni nikanunua...", yeye ameshasema "nyanya", na kama ulinunua sabuni, shauri yako, nani alikuambia ukawie? Siku wakwe walipokuja kumtaka binti yake, baba wa kijana alisimama, akakohoa kidogo, akasema kwa heshima zote, "Sisi tumefika hapa leo kwa nia moja tu, nayo ni..." Mkia akadakia, "Kula!" Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Binti hakumsemesha baba yake wiki nzima.

Lakini ulikuwa ugonjwa wa kazi, kama mgongo wa fundi cherehani. Ujana wake wote Mkia aliishi kwa kummalizia mtu mmoja mistari yake, na aliishi vizuri. Sasa alikuwa mtangazaji katika kituo cha mabasi ya masafa marefu. Alikaa kwenye kibanda cha vioo juu ya ngazi ya chuma, katika kiti chenye mguu mmoja mfupi, mbele ya kipaza sauti ambacho sponji yake ilishaliwa na panya. Huko ilimbidi aanze sentensi mwenyewe na aimalize mwenyewe, jambo ambalo hakulizoea kamwe. "Basi la saa nne linaingia lango la tatu," alisema, kisha akanyamaza kidogo kama anayengoja mtu wa upande wa pili. Hakukuwa na mtu wa upande wa pili.

Mtu huyo zamani alikuwapo, na aliitwa Korongo, kwa sababu ya miguu. Walikua pamoja, nyumba mbili zenye ukuta mmoja, na mara nyingi walilala godoro moja kwa sababu mama zao walikuwa wakifanya kazi za zamu. Korongo alikuwa na maneno, hilo lilionekana mapema. Angeweza kumtukana mwalimu kwa vina na mwalimu akacheka. Ila alikuwa na pumu. Mtu wa muziki wa kufoka asiye na pumzi ni sawa na mwogeleaji asiyetaka kulowa. Akifika mwisho wa mstari kifua kinalia filimbi, neno la mwisho linakufa mdomoni.

Dawa waliigundua wenyewe, uwanjani nyuma ya shule. Mwenzake, huyu Mkia wa leo, alikuwa wa mwisho darasani muhula hadi muhula, hana mshindani. Korongo akamwambia, "Wewe si umezoea kushika mkia? Basi shika na wa kwangu." Yeye akasema mstari wote mpaka neno la mwisho, akaliacha. Mwenzake akalidaka hilo neno na kulipiga kwa sauti ya juu, na katika nafasi hiyo Korongo akavuta pumzi. Siku hiyo jina la Mkia lilizaliwa. Neno la mwisho nalo wakaliita mkia, na ilikuwa kazi ya Mkia kulijua kabla halijafika. Hawakuandikiana. Korongo alikuwa akibuni mistari mipya hapo hapo jukwaani, na Mkia akajua inakwenda kuangukia wapi, kama unavyojua mtu wa nyumbani kwako atatoka chooni saa ngapi.

Watu walidhani ni mtindo. Magazeti yaliandika ni mtindo. Vijana wakaiga, mmoja anasema, mwingine anamalizia, bila kujua kwamba kilichokuwa kikiendelea pale ni mtu kuvuta hewa asife. Siri hiyo waliijua mama wa Korongo, dada yake, daktari na Mkia. Walijaza kumbi. Walipita mitaani watoto wakiwafuata, wengine wakimwimbia Mkia kwamba korongo mwenyewe mkia wake hata hauonekani, naye akacheka, kwa sababu alikuwa akila na kulala vizuri.

Kisha ikaja siku ya jino. Mkia aliamka shavu limevimba, akaenda kung'oa, na Korongo akaenda peke yake redioni kuhojiwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwenda mahali kama pale bila mwenzake. Mkia alikuwa amekaa kwenye benchi la zahanati, pamba imejaa mdomoni, redio ya muuguzi ikiwa dirishani. Mtangazaji akauliza kwa sauti ya uchokozi, "Na huyu Mkia, bila yeye wewe unaweza kusimama kweli?" Korongo akajibu, "Mkia ni mkia tu." Mtangazaji akaangua kicheko, wimbo ukawekwa, na muuguzi akamgeukia Mkia akamtazama kwa huruma ambayo hakuiomba.

Jioni ile ile mji mzima ulikuwa ukiyasema maneno hayo. Makuli waliyasema wakishusha magunia. Gazeti moja likaandika "Mkia Aufyata", kwa kuwa hakujibu. Na angejibuje, mdomo umejaa pamba? Uvimbe ulipopungua, hasira haikupungua. Hakurudi jukwaani. Korongo alituma mtu, Mkia akamfukuza. Akatuma mwingine, huyo akafukuzwa kwa maji. Korongo naye alikuwa na kiburi chake, akasema haya, tuone. Wakaona. Jukwaani peke yake alimaliza nyimbo mbili, wa tatu akashika magoti. Akajaribu kuweka mikia kwenye mashine, mashine ikawa inatangulia au inachelewa. Kumbi zikapungua watu, kisha zikapungua zenyewe, na Korongo akapotea kama wanavyopotea watu wa muziki, bila taarifa.

Alirudi kwenye muziki nywele zimeingia mvi. Kabla hajarudi, dada yake alipanda ile ngazi ya chuma ya kituo cha mabasi, amevaa vizuri kama anayekwenda kuomba kazi. "Kaka," alimwambia Mkia, "ndugu yako anarekodi. Anakuomba uje studio. Siku moja tu, kaka yangu." Mkia aliwasha kipaza sauti, akasema ili kituo kizima kisikie: "Tangazo. Anayemtafuta Mkia, Mkia alishakatwa. Asante kwa kusafiri nasi." Wapagazi walicheka, mama wa tiketi akacheka, dada akashuka ngazi akishikilia chuma kwa mikono miwili. Mkia alijisikia vizuri sana siku hiyo, na kesho yake pia. Mkewe aliposimuliwa aliacha kumwekea chakula, akamwonyesha sufuria ilipo.

Albamu ikatoka, na jina lake lilikuwa *Bila Mkia*.

Hapo Mkia aliona ametukanwa mara ya pili, tena kwa maandishi. Aliapa hataisikiliza hata kwa kulipwa. Wala hakuhitaji, maana watu walimsimulia. Walisema mistari haina mwisho. Korongo anaanza vizuri, anakwenda, anakwenda, anafika pale kina kinapotakiwa, kimya. Pengo. Mdundo unapita peke yake, halafu mstari mwingine unaanza. Vijana walisema mzee amesahau maneno, apelekwe akapumzike. Waliokula chumvi nyingi, waliowakumbuka wawili hawa, walisema ni kejeli: ameacha pengo makusudi amwonyeshe Mkia kwamba hata nafasi yake haina thamani ya kujazwa. Redioni wakapata utani wa mwaka: bila mkia, bila vina, bila bila. Kama matokeo ya mechi. Albamu ikafa hivyo, ikizomewa pande zote, na Mkia akajitia hamnazo. Ilipopigwa mahali, alitoka.

Miaka ikapita. Binti akaolewa, nywele za Mkia zikabaki pembeni tu, na hakuna aliyepanda tena ile ngazi kumtafuta. Hadi siku moja mchana, ametoka zamu, amekaa kwenye benchi la saluni ya mkewe akingoja chakula. Kitini alikuwepo mteja, dada wa benki, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, simu yake mapajani ikisema peke yake. Kilikuwa kipindi cha redio. Mchambuzi kijana, mwenye sauti tulivu, alikuwa akiomba radhi kwa niaba ya kizazi chake. Alisema walimcheka Korongo na walikosea. Alisema sasa anaumwa, yuko kitandani, na ni haki aambiwe angali hai kwamba *Bila Mkia* ni kazi kubwa, na kwamba ule ukimya mwisho wa mistari ni sanaa ya hali ya juu, mtu mzima anayekataa kuwapa watu utamu wanaoutaka. "Sikilizeni ujasiri huu," alisema, akaweka wimbo wa kwanza.

Mkia alishainuka atoke, lakini chakula kilikuwa hakijaja, na uzee umemfanya mtu wa tumbo. Akabaki amesimama mlangoni. Sauti ya Korongo ikaingia, nzito kuliko zamani, ikiwa na filimbi kwa mbali ambayo mtu mwingine asingeisikia.

*Mji mzima haukujua tulipolala sisi wawili,*
*shuka moja, godoro moja, ndoto ndizo zilikuwa...*

"Mbili," akasema Mkia.

Hakukusudia. Mdomo ulijisemea. Na neno liliangukia pale pale penye pengo, likakaa, kama mguu unavyoingia kwenye kiatu cha zamani. Mkewe aliacha kusuka.

*Mlinzi akatukamata na nanasi ndani ya shati,*
*ukamwambia, mzee wangu, huu si wizi, ni...*

"Bahati," akasema Mkia, na safari hii aligeuka kutoka mlangoni akaitazama simu, kwa sababu kweli alimwambia hivyo mlinzi, maneno yale yale, na kweli mlinzi alicheka akawaachia hata nanasi. Mbali na mlinzi huyo, hapakuwa na mtu wa tatu siku hiyo.

"We baba, kumbe unaijua albamu hii?" mteja aliuliza, akimtazama kwenye kioo.

"Sijawahi kuisikia."

"Sasa unamaliziaje?"

Wimbo uliendelea na yeye akaendelea nao, pengo baada ya pengo, na hakukuwa na hata moja lililomshinda. Mwanzo alifurahi. Furaha ilimjaa kifuani kama zamani ukumbini, akawa anapiga mikia kwa sauti ya juu, mkono hewani, mteja akicheka na kutingisha kichwa mpaka msusi akamkaripia. Kisha wimbo ukaisha na furaha ikageuka ikawa kitu kingine, akakaa chini. Mapengo yale hayakuwa dharau, wala kusahau, wala sanaa ya kijana wa redioni. Ilikuwa nafasi yake. Korongo aliweka meza, akaacha kiti kitupu, na wageni wote wakadhani mwenye nyumba hajui kuhesabu viti.

"Baba watoto," mkewe alisema polepole, "kunywa maji."

"Siku ile ya jino," alisema Mkia. "Redioni. Aliposema mkia ni mkia tu."

"Umeanza."

"Nisikilize! Lini ulimsikia Korongo akimaliza sentensi? Hata kuomba chumvi alikuwa anasema 'nipe hiyo', namalizia mimi. Yule mtangazaji alicheka hapo hapo, akaweka wimbo. Je, kama alikuwa hajamaliza? Kama alikuwa anavuta pumzi?"

Mkewe aliweka chanuo chini. "Kwa hiyo miaka yote hii umekasirikia nusu ya sentensi?"

"Inawezekana."

"Basi nenda kachukue nusu nyingine. Mtu mwenyewe wanasema yuko hoi."

Angekwenda siku hiyo, pengine mengi yangekuwa vingine. Lakini Mkia alikuwa Mkia. Kwanza alipiga simu redioni, ili dunia irekebishwe kabla hajatoka nyumbani. Walimpokea vizuri. "Karibu mzee wangu, unatupigia kutoka wapi?" Akasema kituo cha mabasi, na kwamba yeye ndiye Mkia, na kwamba ule si ukimya, ni nafasi yake. "Sawa mzee, hayo ni maoni yako, na tunayaheshimu," alisema mchambuzi.

"Siyo maoni, bwana, ni mdomo wangu!"

Wakamwekea wimbo, aonyeshe. Akaonyesha. Ujumbe wa wasikilizaji ukasomwa hewani: mtoeni huyo mlevi; anaharibu wimbo; babu nyamaza tusikilize kimya. Mchambuzi alicheka kwa adabu, akamshukuru, akamkatia. Watu walikuwa wamelizoea pengo na kulipenda, na kusema kweli pengo halikuwaudhi kama alivyowaudhi yeye.

Baada ya hapo aliamua kwamba hatakwenda kwa Korongo mikono mitupu. Atakwenda na mikia yote ya albamu nzima, imenyooka, asikosee hata mmoja. Alisikilizia kibandani kati ya basi na basi, simu imewekwa karibu na sikio. Sauti yake ilikuwa imeharibika kwa matangazo, inaburuta, na alijua. Siku moja alisahau kuzima kipaza sauti, akapiga "mbili!" kwa nguvu zote, na abiria wa basi zima waliokuwa wamepanga foleni lango la tatu wakabeba mizigo wakakimbilia lango la pili. Meneja alipanda ngazi kumgombeza. "Mzee, wewe ni mtumishi au mwanamuziki?" Mkia alisema samahani, akaanza upya kwa sauti ya chini.

"Utakwenda lini?" mkewe aliuliza kila jioni.

"Nikiwa tayari."

"Yeye je, akiwa tayari kabla yako?"

Hilo ndilo lililomtoa. Asubuhi ya siku yake ya mapumziko alivaa shati la harusi ya binti yake, akaenda.

Korongo alikuwa akiishi nyumbani kwa dada yake, chumba cha nyuma, dirisha linalotazama kamba za kuanikia nguo. Dada ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa mzee sasa, na alisimama akiwa ameshika kitasa kama ambaye hajaamua. "Kaka," alisema hatimaye. "Leo hujakatwa?" Mkia aliinamisha kichwa. Dada akampisha apite.

"Alimwambia fundi wa studio aache nafasi," alimwambia sebuleni, kwa sauti ndogo. "Alisema hata ukija baada ya mwaka, utazijaza. Alikuwa anauliza kila siku kama umepita. Baadaye akaacha kuuliza. Studio yenyewe ilishafungwa, fundi sijui yuko nchi gani."

"Na jina? *Bila Mkia*?"

"Sasa angeiitaje, kaka? Si ndivyo alivyokuwa?"

Ndani kulikuwa na mtungi wa oksijeni uliofika kiunoni, na kitanda, na juu ya kitanda miguu mirefu isiyokuwa na nyama. Mpira mwembamba ulimwingia Korongo puani. Alifumbua macho, akamtazama mgeni tangu kichwani hadi viatuni, akatazama lile shati.

"Mkia," alisema.

"Naam."

"Umenenepa."

Mkia alikaa kwenye kiti karibu na kitanda, akaweka simu juu ya shuka, akawasha albamu tangu wimbo wa kwanza, na akaanza kumwitikia. Alimwitikia taratibu, kwa sauti iliyobaki. Kwenye nanasi, midomo ya Korongo ilicheka. Katikati ya wimbo uliofuata aliinua mkono kidogo akasema, "Unachelewa," na Mkia akasema ndiyo, na akajitahidi kuwahi. Walikwenda hivyo mpaka wimbo wa mwisho.

*Ukija nitakupisha, usipokuja nitangoja,*
*wao waliona wawili, mimi nilimwona...*

"Mmoja," alisema Mkia, na hapo alilia, waziwazi, bila kujificha, kamasi na yote. Korongo alimwacha alie. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa kazi kubwa. Mkia alijipangusa kwa mkono wa shati, na akauliza kile alichokuja kuuliza.

"Siku ile redioni. Ulitaka kumalizia nini?"

"Siku gani?"

"Nilipong'oa jino. Alikuuliza kama bila mimi unaweza. Ukasema mkia ni mkia tu. Halafu akacheka. Kulikuwa na neno, sivyo? Kulikuwa na neno linakuja."

Korongo aliwaza. Aliwaza kweli, Mkia aliona, paji la uso lilikunjamana na macho yakaenda darini yakatafuta huko. Yakarudi. "Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Nchi nzima ilisikia."

"Sikumbuki."

"Jaribu, ndugu yangu. Kwa ajili hiyo..." Maisha yote ya Mkia tangu siku ile, ile ngazi ya chuma, yale maneno aliyomwambia dada wa watu mbele ya wapagazi, vyote vilikuwa vimeegemea sentensi ambayo mwenyewe aliyeisema hakuwa nayo tena. Alimkamata mkono. Ulikuwa mwepesi na wa baridi.

Korongo alimtazama kwa upole, akaona anavyoteseka, na akataka kumsaidia kwa njia aliyoijua. Alijiinua kidogo kwenye mto. Alivuta hewa ya mpira, mara moja, mara mbili, akainua kidole kimoja kama alivyokuwa akifanya jukwaani mstari mpya unapokuja.

"Mkia," alisema, "ni mkia tu..."

Akaacha. Akavuta pumzi, macho yakimtazama mwenzake, kidole kikiwa hewani. Alimwachia neno.

Mkia alifungua mdomo. Maneno yalikuja, mengi, yakisukumana. Lakini. Ila. Ndugu. Uhai. Kila lililokuja alilitazama akaona analiomba mwenyewe, kwamba akilitamka atakuwa anajipigia magoti na kujisamehe kwa sauti yake, huku mwenye sentensi akimtazama tu. Na lingine la ukweli hakuwa nalo. Kwa mara ya kwanza tangu ule uwanja wa nyuma ya shule, hakujua mstari unakwenda kuangukia wapi. Alifunga mdomo, akaufungua tena. Kidole cha Korongo kikashuka polepole mpaka kwenye shuka.

"Unaona," alisema Korongo, bila ubaya wowote, sauti imebaki nusu. "Hata wewe huna neno."

Akafumba macho, akalala. Hakuamka mtu wa kuongea tena. Kabla wiki haijaisha walimzika, na redio ilipiga *Bila Mkia* yote kutwa nzima, mapengo kwa mapengo.

Lakini hayo yalikuwa bado. Siku ile dada aliingia na kikombe cha chai ya mgeni, akawakuta mmoja amelala na mwingine amemshika mkono, macho mekundu. Uso wake wote ulilegea. Alikuwa ameingoja picha ile miaka mingi kuliko wao wenyewe. Aliweka kikombe sakafuni taratibu asimwamshe mgonjwa, akamwinamia Mkia.

"Mmepatana, kaka?" alinong'ona. "Niambie ukweli. Yamekwisha?"

"Sina neno, dada," alisema Mkia.

Dada alijishika kifua, akashukuru Mungu kwa sauti. Kisha akatoka mbio uani, kwenye kamba za nguo, na Mkia akamsikia kupitia dirishani akiwaita majirani, akiwaambia wamepatana, wamepatana kabisa, amesema mwenyewe kwa mdomo wake kwamba hana neno.